Kukumbuka Ndoto ni Suala la Saa, Si la Kipaji

Watu wanaosema kwamba wao hawaoti ni wengi, na husema hivyo kwa uhakika, kana kwamba ni jambo la maumbile lisilo na dawa. Kwa muda mrefu nimekuwa na desturi ya kuweka daftari na kalamu kando ya mto, na desturi hiyo imenifanya nisome kwa makini yale ambayo watafiti wa usingizi wamegundua kuhusu kukumbuka na kusahau ndoto. Katika yote hayo, somo moja limesimama juu ya mengine: ndoto tunazozikumbuka hazichaguliwi na kipaji, wala na uzito wa ndoto zenyewe. Huchaguliwa na saa tuliyoamka, na jinsi tulivyozitumia dakika mbili tatu za mwanzo baada ya kufumbua macho. Anayeamka ndoto ikiwa bado inaendelea huamka nayo. Anayeamka robo saa baada ya ndoto kwisha huamka mikono mitupu, hata kama ndoto ilikuwa ya kumtoa jasho. Kama ni hivyo, basi kukumbuka ndoto kunafundishika, na anayetaka kujifunza aanze na kupanga wakati wa kuamka, tena kwa kiasi, bila kuuharibu usingizi wake. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa, kwa ushahidi, pamoja na kuyajibu maswali ya wanaolitilia shaka.

Ushahidi wa mwanzo mzuri ulitoka chumbani, kabla ya maabara kuwa na mitambo ya kupima usingizi. Mwaka 1893 Mary Whiton Calkins, mwalimu wa saikolojia katika Chuo cha Wellesley nchini Marekani, alichapisha makala kuhusu takwimu za ndoto. Yeye na mwenzake, Edmund Sanford, walitumia saa ya kengele kujiamsha nyakati mbalimbali za usiku. Kando ya kitanda waliweka karatasi, penseli, mshumaa na kiberiti, na kila walipoamka waliandika palepale. Calkins alikusanya ndoto 205 katika usiku 55, na Sanford ndoto 170 katika usiku 46. Ndoto hizo hazikutawanyika sawasawa: nyingi zilitokea sehemu ya mwisho ya usiku, kuelekea asubuhi. Lakini jambo linaloniteka zaidi katika makala yake ni dogo kuliko takwimu hizo. Calkins aliona kwamba wakati mwingine kule kunyoosha mkono tu kuchukua karatasi, au kuwasha mshumaa, kulitosha kuifukuza ndoto yote, akabaki na hakika kwamba ameota kitu cha kuvutia asichoweza kukumbuka hata chembe yake. Yeyote aliyewahi kujaribu kuandika ndoto analijua hilo. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya ndoto, katika dakika ile ya kwanza, bado haijawekwa mahali popote pa kudumu. Njiti moja ya kiberiti inatosha kuishinda.

Miaka 60 baadaye, maabara ilianza kueleza sababu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliripoti katika jarida la Science kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Usingizi huo leo unajulikana kama usingizi wa REM. Waliwaamsha watu mara 27 macho yakiwa yanachezacheza, na mara 20 wakasimuliwa ndoto zenye picha na maelezo. Walipowaamsha mara 23 macho yakiwa yametulia, mara 19 hapakuwa na lolote lililokumbukwa. Mwaka 1957 William Dement na Kleitman walirudia kazi hiyo kwa watu 9, wakiwaamsha kwa kengele ya mlango iliyofungwa karibu na kitanda, na kila aliyeamka alisimulia papo hapo kwenye kifaa cha kunasa sauti. Katika maamsho 191 ya wakati macho yakichezacheza, 152 yalitoa ndoto. Katika 160 ya nyakati nyingine, 11 tu. Kisha wakauliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: je, ukichelewa kidogo? Watu walipoamshwa ndani ya dakika 8 baada ya macho kutulia, ndoto zilipatikana mara 5 katika 17. Walipoamshwa baada ya dakika 8 kupita, zilipatikana mara 6 katika 132. Kwa hiyo ndoto ambayo ingekumbukwa mara nne katika tano ilipokuwa ikiendelea, dakika chache baadaye hukumbukwa chini ya mara moja katika tatu, halafu takriban mara moja katika ishirini. Mwotaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa.

Anayetaka kuitumia elimu hii lazima aujue usiku ulivyopangika. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko kwa kawaida hufungwa na kipindi cha REM. Lakini mizunguko hiyo haifanani. Ile ya mwanzo imejaa usingizi wa pono, ule ambao mtu akiamshwa haelewi yuko wapi, na kipindi chake cha REM ni cha dakika chache tu. Kadiri usiku unavyosonga, usingizi wa pono hupungua na vipindi vya REM hurefuka, hadi vile vya kuelekea alfajiri vinaweza kufika nusu saa au zaidi. Tuseme mtu amepitiwa na usingizi saa nne usiku. Mzunguko wake wa tatu utaisha karibu na saa nane na nusu, wa nne karibu na saa kumi alfajiri, na wa tano karibu na saa kumi na moja na nusu. Kengele ya saa sita usiku itamtoa kwenye usingizi mzito kwa faida ndogo mno. Kengele ya saa kumi ina nafasi nzuri ya kumkuta ndani ya ndoto ndefu au ndiyo kwanza imekwisha. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu mizunguko hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hata kwa mtu mmoja katika usiku mmoja. Anayeikosa ndoto saa kumi asikate tamaa. Usiku mwingine aisogeze kengele kwa dakika ishirini au thelathini. Tena ahesabu tangu alipopitiwa na usingizi. Kuhesabu tangu alipopanda kitandani kutamharibia hesabu akiwa na kawaida ya kukaa na simu mkononi kabla ya kulala.

Wasomaji wa pwani yetu na wengineo wanaofunga Ramadhani wanaijua saa hiyo bila kufundishwa na maabara. Anayeamka kula daku, au kusali tahajudi katika theluthi ya mwisho ya usiku, anaamka katika sehemu yenye ndoto nyingi kuliko zote. Mtu angetegemea basi kwamba mwezi mzima wa daku utamwachia hazina ya ndoto, na kwa wengine huwa hivyo. Lakini wengi huamka kwa haraka: sufuria jikoni, watoto wa kuamshwa, jicho kwenye saa ili imsaki, mwisho wa kula daku, isije ikapita. Hapo ndipo inapoonekana nusu ya pili ya hoja yangu, kwamba saa nzuri ya kuamka peke yake haitoshi. Mwaka 1973 watafiti Cohen na Wolfe waliwagawa watu makundi mawili. Kundi moja lilitakiwa, mara tu likiamka asubuhi, lipige simu ya taarifa za hali ya hewa na kuandika kiwango cha joto kabla ya kuandika ndoto. Jingine liliachwa litulie kwanza kitandani. Waliopiga simu walikumbuka maudhui ya ndoto kwa asilimia 33, na waliotulia kwa asilimia 63. Kazi ndogo, isiyo na uzito wowote, ilipunguza ndoto zilizokumbukwa kwa karibu nusu. Leo si lazima mtu awe ndani ya utafiti ili jambo hilo limpate. Anayefumbua macho na kushika simu kusoma ujumbe anafanya yaleyale kila asubuhi, kisha anashangaa kwamba haoti.

Kwa nini kumbukumbu hii iwe dhaifu hivyo? Sehemu ya jibu iko katika hali ya ubongo wakati wa REM. Seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayosaidia ubongo kushika mambo, hunyamaza karibu kabisa wakati huo. Sehemu za mbele za ubongo, zinazopanga na kuchunga fikra tukiwa macho, nazo hupunguza kazi. Ndoto basi hutungwa katika ubongo ambao kwa wakati huo haukujiandaa kuhifadhi. Ili ihifadhiwe, lazima mtu aamke ikiwa bado ipo akilini, na abaki macho kwa muda wa kutosha ili mashine ya kumbukumbu irudi kazini. Watafiti wa Lyon nchini Ufaransa, Perrine Ruby na wenzake, waliwalinganisha watu wanaokumbuka ndoto mara nyingi na wale wanaozikumbuka kwa nadra. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, tofauti moja ilijitokeza wazi: wenye kukumbuka sana walikuwa macho kwa jumla ya dakika 30 hivi ndani ya usiku, na wenzao kama dakika 15. Wale tunaowaita wenye kipaji cha ndoto, kwa sehemu kubwa, ni watu wanaozinduka zaidi usiku. Na wale wanaosema hawaoti? Donald Goodenough na wenzake waliwaleta maabara mwaka 1959, wakawaamsha macho yakichezacheza, na takriban katika nusu ya maamsho hayo wakasimulia ndoto. Ni kweli kwamba walikumbuka kidogo kuliko waotaji wa kila siku, kwa hiyo siwezi kusema watu wote wako sawa. Lakini umbali kati ya sifuri na nusu ni mkubwa, na umbali huo ulivukwa kwa kuchagua saa ya kuwaamsha.

Pingamizi la kwanza ni la kifalsafa, na ni la zamani. Huenda, wanasema wengine, ndoto haikuwapo kabla ya kuamka, na akili iliitunga yote katika sekunde ile ya kushtuka. Mfaransa Alfred Maury alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1861 ndoto ndefu ya Mapinduzi ya Ufaransa iliyoishia na shingo yake chini ya mashine ya kukatia vichwa, na alipoamka akakuta kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni. Ikiwa kisa chote kilitungwa kurudi nyuma, basi kupanga saa ya kuamka ni kupanga saa ya kutunga tu. Jibu limetoka kwenye vipimo. Katika utafiti wa mwaka 1957, watu waliamshwa ama dakika 5 au dakika 15 tangu macho yaanze kuchezacheza, kisha wakaulizwa ndoto yao ilidumu kwa muda upi kati ya hiyo miwili. Walipatia mara 92 katika 111. Mwaka 1958 Dement na Edward Wolpert waliwanyunyizia maji baridi watu waliokuwa kwenye REM, wakaacha dakika kadhaa zipite, ndipo wakawaamsha. Maji yalipoingia katika ndoto, visa vilivyofuata baada ya maji hayo ndani ya ndoto vililingana na muda uliokuwa umepita. Ndoto inayotungwa wakati wa kuamka isingeweza kujua ni lini maji yalimwagika. Sikatai kwamba anayeamka hupamba na kuziba mapengo. Kila msimuliaji hufanya hivyo, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika mapema. Lakini anachokipamba kilikuwepo kabla.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya sayansi yenyewe. Mwaka 1962 David Foulkes alibadili swali. Badala ya kuwauliza walioamshwa kama walikuwa wakiota, aliwauliza ni nini kilichokuwa kikipita akilini mwao. Zaidi ya nusu ya maamsho yaliyofanyika nje ya REM yakatoa kitu: fikra, taswira, wakati mwingine ndoto kamili. Tafiti za baadaye zimethibitisha kwamba ndoto hazifungiwi ndani ya REM. Je, hesabu ya saa imeanguka? Naona imerekebishwa, na marekebisho hayo yanaisaidia. Ripoti za REM kwa kawaida ni ndefu na zenye picha nyingi zaidi, na hata usingizi usio wa REM hutoa ripoti tajiri zaidi kadiri asubuhi inavyokaribia. Kwa hiyo anayelenga saa za mwisho za usiku hajengi juu ya aina moja ya usingizi. Anajenga juu ya sehemu ya usiku ambayo aina zote mbili zina mengi ya kusimulia. Foulkes ametufundisha jingine pia, kwamba swali la kujiuliza ukiamka lisiwe "nimeota nini?", kwa sababu likijibiwa "sikuota" mlango umefungwa. Katika daftari langu nimeona faida ya swali pana zaidi: nilikuwa wapi, na nani, nikihisi nini? Mara nyingi hisia huja kwanza, hofu au furaha isiyo na jina, na hisia ikishikwa kwa utulivu huvuta uso, kisha uso huvuta chumba.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: usingizi ni haki ya mwili, na kuukatakata ni kuudhulumu. Ni kweli. Anayejiamsha mara nne kila usiku atapata ndoto kwa wiki moja, kisha atapata uchovu, hasira na usahaulifu, na mwishowe hata ndoto zenyewe atazichoka. Madereva wa malori na mabasi, waendesha bodaboda, wauguzi wa zamu, na wazazi wenye watoto wachanga hawana usingizi wa ziada wa kuchezea. Mwenye kifafa au ugonjwa wa akili unaochochewa na kukosa usingizi asijaribu kabisa bila ushauri wa daktari wake. Lakini hoja ya kupanga saa, ikieleweka vizuri, ni hoja ya kupunguza maamsho. Anayejua kwamba theluthi ya mwisho ndiyo yenye mali hana sababu ya kujisumbua saa sita au saa saba. Kuamka mara moja kunatosha, katika usiku ambao kesho yake mtu anaweza kufidia, na baada ya kulala saa zisizopungua sita hivi. Tena wengi hawahitaji kengele yoyote. Watu wazima huzinduka kwa muda mfupi mara kadhaa kila usiku, mara nyingi mwisho wa kipindi cha REM, wakageuka ubavu wa pili na kulala tena bila kukumbuka kwamba walizinduka. Hata jamii isiyo na taa za umeme haionyeshi usiku wa kulala kama gogo. Utafiti wa David Samson na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia Wahadzabe 33 wa kaskazini mwa Tanzania kwa siku 20, na katika muda wote huo dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kuzinduka ni sehemu ya usingizi. Kinachohitajika ni kujifunza kutumia mzinduko uliopo kabla ya kuongeza mwingine.

Pingamizi la mwisho huuliza faida. Ikiwa mwili umepanga ndoto zisahaulike, kwa nini tushindane nao? Majibu yangu ni mawili. La kwanza ni la tiba. Watu wanaosumbuliwa na majinamizi ya mara kwa mara husaidiwa na njia ambayo mgonjwa huichukua ndoto mbaya, hubadili mwisho wake akiwa macho, na kuurudia mwisho huo mpya akilini kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo mazuri ya njia hiyo kwa wanawake waliowahi kushambuliwa kijinsia. Kazi ya namna hiyo huanza na ndoto iliyokumbukwa waziwazi, na kwa wenye majeraha mazito huhitaji mtaalamu kando yao. Jibu la pili linatuhusu wengi zaidi. Katika jamii zetu ndoto hupewa uzito mkubwa. Watu huswali istikhara na wengine husubiri ishara usingizini. Vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin husomwa. Wazee huulizwa nyoka au maji mengi yana maana gani. Tunajali sana tafsiri, lakini tunajali kidogo mno ubora wa kile kinachotafsiriwa. Ndoto iliyosimuliwa adhuhuri, baada ya kuamka, kuoga, kunywa chai na kuzungumza na nusu ya mtaa, imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na mapengo yamezibwa na msimuliaji bila yeye kujua. Awe mtu anaamini ndoto ni ujumbe au ni kazi ya ubongo tu, mahakama ya akili yake inahitaji ushahidi safi kabla ya hukumu.

Haya yote yanapata umbo rahisi katika utendaji. Chagua usiku mmoja au miwili katika wiki ambayo asubuhi yake haina haraka. Hesabu saa sita hivi tangu kupitiwa na usingizi, na kama una kengele, iwe ya sauti ya kukuzindua mara moja. Kuamka polepole, kwa mang'amung'amu, huruhusu ndoto ichujuke njiani. Ukizinduka, usisogee. Funga macho tena na uulize ulikuwa wapi kabla ya kuuliza ni saa ngapi. Shika tukio la mwisho kwanza, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua, kwa sababu mwisho ndio ulio karibu. Baki macho dakika mbili au zaidi, andika maneno machache yenye kubeba mengine, jina, mahali, hisia, kitu kimoja kilichokaa vibaya, ndipo urudi kulala. Maelezo marefu yanaweza kusubiri asubuhi, lakini hayo maneno machache hayawezi. Elimu hii haihitaji mtambo wala fedha. Calkins aliifikia kwa saa ya kengele na mshumaa. Kwa sababu hiyo naona ni dhuluma ndogo tunayojifanyia tunapokata shauri kwamba sisi si watu wa ndoto, hali tumekuwa tukiamka kila siku katika saa isiyofaa na kuzikimbia dakika zake za kwanza. Hukumu hiyo haistahili kutolewa mpaka mtu awe ameibadili saa.